Wilhelm Maybach, yatima aliyeipa Mercedes radiatere yake

Barabara ya taifa nambari 5, ikitoka Sange kwenda Bukavu, hupita kwanza katika joto la bonde la Ruzizi, ikivuka Luberizi na Luvungi hadi Kamanyola. Baada ya hapo huanza kupanda milima ya Ngomo. Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika, iko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Bukavu, kwenye Ziwa Kivu, iko karibu mita 1,500. Katika kona za Ngomo ndipo gari la zamani huonyesha afya yake: mshale wa joto unapanda, mvuke unatoka chini ya kapo, dereva anaegesha pembeni na kuanza kutafuta bidoni ya maji.

Kifaa kinacholaumiwa kwanza ni radiatere, ambayo majirani wa Tanzania huiita rejeta. Umbo lake la leo lilianzia mwaka wa 1900 katika kiwanda cha Cannstatt, karibu na Stuttgart, nchini Ujerumani, kwenye meza ya mchoraji mmoja aliyeitwa Wilhelm Maybach.

Watu wengi leo wanalijua jina hilo kama alama ya magari ya marais na matajiri. Mwenye jina hakuzaliwa tajiri. Alikuwa mtoto wa seremala, akabaki yatima akiwa na miaka 10, na sehemu kubwa ya maisha yake alitengeneza vitu vilivyouzwa kwa majina ya watu wengine.

Mtoto wa nyumba ya yatima

Maybach alizaliwa tarehe 9 Februari 1846 katika mji wa Heilbronn, kusini mwa Ujerumani. Familia ilihamia Stuttgart akiwa bado mdogo. Mama yake alifariki kwanza, na mwaka wa 1856 baba naye akafa. Marafiki wa familia waliweka tangazo gazetini kuwaombea watoto hao watu wa kuwapokea.

Wilhelm alipokelewa Reutlingen, katika nyumba iliyoanzishwa na mhubiri Gustav Werner. Ilikuwa nyumba ya yatima na maskini, lakini ilikuwa pia na shule na viwanda vidogo, kwa sababu Werner alitaka kila mtoto atoke pale na kazi mkononi. Watu wa Kivu waliosomea katika vituo vya ufundi vya misheni watalielewa wazo hilo bila maelezo mengi.

Hapo kijana huyo alionekana kuwa na mkono mzuri wa kuchora. Alipofika miaka 15 aliwekwa katika ofisi ya michoro ya kiwanda, na baada ya saa za kazi alifuata masomo ya hesabu na fizikia mjini.

Mwaka wa 1863 kiwanda hicho kilipata mkuu mpya, injinia Gottlieb Daimler, aliyemzidi Maybach umri kwa miaka 12 hivi. Daimler alikuwa mtu wa mipango na wa kutafuta fedha. Maybach alikuwa mtu wa karatasi, kalamu na chuma. Urafiki wao ulidumu hadi kifo cha Daimler, miaka 37 baadaye.

Daimler alipohamia Karlsruhe mwaka wa 1869, Maybach alimfuata. Daimler alipoitwa Deutz, karibu na Köln, mwaka wa 1872 kuongoza kiwanda cha motere za gesi cha Nikolaus Otto, Maybach alikwenda naye na kuwekwa juu ya ofisi ya michoro. Mwaka wa 1876 Otto alifaulu kutengeneza motere ya mapigo manne, ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa magari ya esansi. Kazi ya kuifanya iweze kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa iliangukia kwa Maybach. Mwaka wa 1878 alimwoa Bertha Habermaas, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa kwanza, Karl.

Kibanda cha bustani

Daimler na Otto hawakuelewana. Mwaka wa 1882 Daimler aliondoka Deutz, akanunua nyumba yenye bustani huko Cannstatt, na Maybach akamfuata tena. Wawili hao walifanya kazi ndani ya kibanda cha vioo kilichojengwa kwa ajili ya maua. Walifanya kwa siri kubwa hata, kama inavyosimuliwa, mtunza bustani alidhani wanatengeneza pesa bandia, akawaita polisi. Polisi walikuta motere na vyombo vya ufundi tu.

Lengo lao lilikuwa motere ndogo, nyepesi na yenye mwendo wa haraka, inayoweza kubebwa na chombo chochote. Mwaka wa 1885 waliiweka kwenye baiskeli ya mbao, babu wa pikipiki zote zinazobeba abiria leo katika mitaa ya Bukavu na Uvira. Mwaka wa 1886 waliiweka kwenye gari la farasi. Mwaka huo huo, huko Mannheim, Carl Benz alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa gari lake la magurudumu matatu. Watu hao walikuwa wakifanya kazi katika miji isiyo mbali sana, kila mmoja kivyake.

Wote walikutana na adui mmoja, ambaye ni joto. Motere huchoma mafuta, lakini ni sehemu ndogo tu ya nguvu ya mafuta hayo inayosukuma magurudumu. Sehemu nyingine hutoka na moshi, na takriban theluthi moja hubaki katika chuma. Isipoondolewa, mafuta ya kulainisha hupoteza kazi yake, vyuma hupanuka, na pistoni hukwama ndani ya silinda.

Benz aliacha maji yachemke na kupotea kama mvuke. Njia hiyo ilikuwa rahisi, lakini ilitaka maji mengi. Mke wake, Bertha Benz, alilijua hilo vizuri. Agosti 1888 aliwachukua wanawe wawili na kuendesha gari hilo kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya zaidi ya kilometa 100, bila kumwambia mume wake. Njiani walisimama mara nyingi kutafuta maji ya kuongeza. Tatizo la bidoni ya maji lina umri sawa na gari lenyewe.

Maybach alijaribu njia nyingine. Mwaka wa 1889 alichora gari jepesi la magurudumu ya chuma, ambalo yeye na Daimler walilionyesha katika maonyesho makubwa ya Paris. Fremu yake ilikuwa ya mabomba ya chuma, na Maybach aliyapitisha maji ya motere ndani ya mabomba hayo ili upepo wa safari uyapoze. Badala ya kuacha maji yapotee, aliyazungusha na kuyarudisha kazini.

Kufukuzwa kwa upole

Mwaka wa 1890 Daimler aliingia katika kampuni na matajiri wawili, Max Duttenhofer na Wilhelm Lorenz. Kampuni iliitwa Daimler-Motoren-Gesellschaft. Wenye fedha walitaka faida ya haraka kutoka kwa motere za kufungwa kiwandani, na hawakuwa na imani kubwa na magari. Masharti ya kazi waliyompa Maybach hayakumridhisha, na mwaka wa 1891 akaondoka.

Hakukaa bure. Daimler alimlipia gharama ili aendelee na utafiti katika jengo lililokuwa hoteli huko Cannstatt. Hapo, mwaka wa 1893, Maybach alitoa kabureta yenye kisindano kinachopuliza esansi kama manyunyu ndani ya hewa. Makanika yeyote wa Kivu aliyewahi kusafisha kabureta ya pikipiki amewahi kushika mjukuu wa kifaa hicho.

Bila Daimler na Maybach kampuni ilidhoofika. Mfanyabiashara wa Uingereza, Frederick Simms, alikuwa tayari kulipa marki 350,000 kwa haki ya kutengeneza motere zao, lakini kwa sharti kwamba Daimler arudi. Mwaka wa 1895 alirudi, na Maybach akarudi naye kama mkurugenzi wa ufundi.

Kifo cha Nice na oda ya Jellinek

Mwaka wa 1897 Maybach alitoa radiatere ya kwanza ya vijibomba: tangi la maji lililopitiwa na mabomba mengi madogo ya hewa. Ilikuwa hatua kubwa, lakini magari yalizidi kupewa motere kubwa, na tangi hilo halikutosha.

Wakati huo mteja mkubwa wa kampuni alikuwa Emil Jellinek, mfanyabiashara wa Austria aliyeishi Nice, Ufaransa. Aliwauzia matajiri magari na kuyaingiza katika mashindano kwa jina la binti yake, Mercédès. Mwisho wa Machi 1900, katika mashindano ya kupanda mlima kutoka Nice hadi La Turbie, dereva wa kampuni, Wilhelm Bauer, alipata ajali na kufa. Gari lake lilikuwa refu kwenda juu, fupi na zito mbele. Wiki chache kabla yake, tarehe 6 Machi, Daimler mwenyewe alikuwa amefariki.

Maybach alibaki bila rafiki wa kumtetea, na kampuni ikabaki na lawama za kifo. Jellinek hakukimbia. Aliagiza magari 36 kwa marki 550,000, lakini alitaka gari la aina mpya: refu kwa urefu, pana, la chini, lenye nguvu na lisilopinduka kirahisi. Alitaka pia liitwe Mercedes.

Maybach alilichora ndani ya miezi michache, na gari la kwanza lilikabidhiwa Desemba 1900. Lilikuwa na motere ya silinda 4 na nguvu za farasi 35. Mbele, mahali ambapo macho ya mtu hufika kwanza, palikuwa na kitu kilichofanana na sega la nyuki.

Radiatere hiyo ilikuwa na vijibomba 8,070 vya pembe nne, kila kimoja na upana wa milimita 6 kwa 6, vilivyounganishwa kwa risasi ya kulehemu. Hewa ilipita ndani ya vijibomba, na maji yalipita katika nafasi nyembamba kati yake. Nyuma yake feni ndogo ilivuta hewa hata gari lilipokwenda polepole mlimani. Maji yaliyohitajika yalishuka hadi lita 9, nusu ya yale ya mfumo uliotangulia.

Machi 1901, katika wiki ya mashindano ya Nice, Mercedes ilishinda karibu kila kitu. Ufaransa, iliyokuwa imejiona mama wa magari, ilishangaa. Huko huko Maybach alipewa sifa ya kuwa mfalme wa wabunifu wa magari. Tangu siku hizo gari lilipata sura: radiatere mbele, motere nyuma yake, dereva katikati.

Faida na deni la lita 9

Ubunifu wa Maybach ulikuwa na upande wa pili, na ndio unaowasumbua wenye Mercedes na BMW za zamani hadi leo. Gari lililobeba maji mengi lilikuwa zito, lakini lilimpa dereva muda. Maji yalipungua polepole, mvuke ulionekana, na dereva aliongeza. Gari lenye maji machache yanayozunguka haraka ni jepesi na lina nguvu, lakini halisamehe. Likipoteza lita 2 au 3, au mzunguko ukisimama kwa dakika chache, motere huungua.

Hivyo tangu mwaka wa 1900 uhai wa motere hutegemea vitu vidogo vinavyoyazungusha maji: pampu, mipira, feni, kifuniko, na baadaye temostati. Radiatere ya Maybach ilikuwa ya chuma, na fundi mwenye moto na risasi aliweza kuiziba. Katika magari ya Kijerumani ya miaka ya 1980 na 1990, sehemu nyingi za mfumo huo ni za plastiki. Plastiki hiyo hukauka na kupasuka baada ya miaka mingi ya joto na baridi.

Makanika wanazijua dalili. Katika Mercedes za W124, shingo ya plastiki ambapo mpira huingia kwenye radiatere inaweza kukatika ghafla, na feni inayoshikwa na mafuta mazito huchoka na kuacha kuvuta hewa mlimani. Katika BMW za E36, pampu nyingine za maji zilikuwa na mapanga ya plastiki yanayovunjika huku ekseli ikiendelea kuzunguka, kwa hiyo kwa nje pampu huonekana nzima. Katika E46, ni tangi la akiba la maji linalopasuka. Motere ikizidi joto, kulasi ya aluminiamu hupinda, maji huingia kwenye silinda, na gharama ya kutengeneza inaweza kuizidi thamani ya gari.

Mwinuko nao huongeza mzigo. Katika mwinuko wa Bukavu, maji yaliyo wazi huchemka karibu digrii 95, si 100. Ni kifuniko cha radiatere au cha tangi, kwa kubana mvuke, kinachozuia maji yasichemke mapema. Kifuniko kilicholegea hufanya gari lichemke juu ya Ngomo hata kama radiatere ni mpya.

Afrika na motere za Maybach

Baada ya ushindi wa Nice, Maybach hakupata raha. Wakubwa wa kampuni walimsogeza kando, wakawapa wengine kazi zake, na tarehe 1 Aprili 1907 aliondoka moja kwa moja. Alikuwa na miaka 61. Gari alilolichora lilibeba jina la binti wa mteja, na kampuni ilibeba jina la rafiki yake.

Agosti mwaka huo huo, ofisa Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari la kiwanda cha Gaggenau, akitaka kuvuka Afrika. Alifika Swakopmund, katika Namibia ya leo, Mei 1909, baada ya siku 630. Maonyesho ya Paris na mashindano ya Nice yalikuwa jambo moja. Barabara za Afrika, zisizo na duka la vipuri, zilikuwa jambo lingine.

Maybach aligeukia angani. Mwaka wa 1908 meli ya angani ya Count Zeppelin iliharibika huko Echterdingen, baada ya kutua kwa sababu ya matatizo ya motere. Maybach na mwanawe Karl walimpa Zeppelin wazo la motere bora zaidi, na mwaka wa 1909 kampuni mpya ikaanzishwa, Karl akiwa kiongozi wa ufundi. Baadaye ilihamia Friedrichshafen.

Motere hizo nusura zifike katika eneo letu. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, mto Ruzizi ulikuwa mpaka kati ya Kongo ya Wabelgiji na Afrika Mashariki ya Wajerumani. Askari wa Force Publique kutoka Kongo walivuka mpaka na kuuteka mji wa Tabora Septemba 1916. Novemba 1917 Ujerumani ilituma meli ya angani L59, yenye motere 5 za Maybach, kutoka Bulgaria ili kumpelekea jenerali Lettow-Vorbeck silaha na dawa. Ilifika juu ya Sudan, ikaamriwa kurudi. Ilikaa angani saa 95 na kusafiri zaidi ya kilometa 6,700. Hakuna aliyepata shehena ile, lakini motere zilirudi nyumbani.

Baada ya vita Ujerumani ilikatazwa kutengeneza motere za ndege. Karl akaanza kutengeneza magari makubwa ya kifahari, la kwanza likionyeshwa Berlin mwaka wa 1921. Hapo ndipo jina Maybach lilipowekwa kwenye gari, mzee akiwa na miaka 75.

Aliyobakisha

Wilhelm Maybach alifariki Stuttgart tarehe 29 Desemba 1929, akiwa na miaka 83. Alizikwa Cannstatt, katika makaburi ya Uff-Kirchhof, alikozikwa pia Gottlieb Daimler. Mwanawe mdogo, Adolf, aliyeugua ugonjwa wa akili, aliuawa mwaka wa 1940 katika mpango wa utawala wa Hitler wa kuwaua wagonjwa. Mwaka wa 1960 kiwanda cha Friedrichshafen kilinunuliwa na Daimler-Benz, kampuni ile ile iliyokuwa imemsukuma nje mzee.

Wajerumani wengine walijaribu kuliepuka deni la maji kabisa. Volkswagen ya Ferdinand Porsche, inayojulikana kama kobe, ilipozwa na hewa, bila radiatere, na mwaka wa 1962 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Lakini Mercedes, zenye maji na radiatere, zilikuwa zimeshinda Safari hiyo hiyo mwaka wa 1959, 1960 na 1961. Maji hayakuwa kosa. Yalihitaji uangalizi tu.

Kwa mwenye Mercedes ya zamani anayepanda Ngomo, uangalizi huo una hatua chache. Kabla ya safari, motere ikiwa baridi, maji yapimwe, mipira ibanwe kwa mkono na kifuniko kikaguliwe. Shingo ya plastiki iliyoanza kugeuka rangi au kupata nyufa ibadilishwe kabla haijakatika. Mshale wa joto ukipanda, gari lisimame, lisisubiri kijiji kinachofuata. Kifuniko kisifunguliwe motere ikiwa ya moto, kwa sababu mvuke uliobanwa huunguza uso na mikono. Maji baridi pia yasimwagwe ghafla kwenye motere iliyochemka, kwani yanaweza kuipasua kulasi. Yote hayo yanahusu lita chache tu za maji, zile ambazo Maybach alizipima kwa makini mwaka wa 1900.